Emin Pasha, mtu wa majina mengi aliyeandika majina ya West Nile

Mfanyabiashara anayetoka Ariwara upande wa Kongo na vitenge vyake, akavuka mpaka, akafika Arua na kupumzika kidogo Onduparaka kabla ya kutafuta gari lingine, huwa amepita katikati ya majina yasiyokubaliana. Mlima mkubwa wa Terego, kwenye ramani nyingi unaitwa Wati. Wenyeji Walugbara wanauita Eti. Mswahili akiambiwa kwamba ule pale ni Mlima Eti anaweza kudhani anataniwa, maana kwake eti ni neno la mtu asiyeamini anachokisikia. Akielekea kaskazini, njia ya Koboko na Oraba, atauona Liru, mlima ambao jina lake halikupata misukosuko mingi. Katika masimulizi ya Walugbara, mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio baba wa koo zao. Jaki alifia Liru na Dribidu alifia Eti. Kwa hiyo wenyeji wanaposema jina la mlima, wanataja pia kaburi la babu.

Majina ya namna hiyo yaliingiaje kwenye karatasi? Njia zilikuwa nyingi, ila moja kati ya zile za mwanzo kabisa inapita kwa daktari mmoja mwembamba, mwenye miwani minene na mwandiko mdogo mno, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Emin Pasha. Aliishi kando ya Nile hii kwa zaidi ya miaka kumi, akiandika kila siku. Na yeye mwenyewe hakuzaliwa na jina hilo.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Opole, kwa hiyo hata mahali pake pa kuzaliwa pamebadilishwa jina. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina alilopewa ni Isaak Eduard Schnitzer. Alipokuwa mtoto mdogo familia ilihamia Neisse. Baba alifariki mwaka 1845, mama akaolewa na Mkristo, na kijana akabatizwa katika kanisa la Kilutheri. Alisomea udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka 1864, lakini taratibu za serikali zikamkwamisha na hakupata ruhusa ya kutibu nchini kwake.

Akaondoka. Alipata kazi kwa Waturuki, kama daktari wa karantini katika bandari ya Antivari kwenye pwani ya Adriatiki. Huko alijifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki, juu ya Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza na Kiitaliano. Lugha zilimwingia kama maji kwenye mchanga. Baadaye alimtumikia gavana mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha, na gavana huyo alipofariki, Schnitzer alimpeleka mjane na watoto hadi Neisse, akawatambulisha kana kwamba ni familia yake. Mwaka 1875 akatoweka ghafla, akawaacha pale. Wanaomsifu kwa elimu yake huwa wanapita haraka sana kwenye ukurasa huo.

Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa Khartoum, akijitambulisha kama Mehemet Emin, daktari Mwislamu. Emin maana yake ni mwaminifu. Mtu mwenye biashara na asiyemjua angeweza kusita kumkopesha, lakini Jenerali Charles Gordon, aliyekuwa akiitawala Ikwetoria kwa niaba ya Khedive wa Misri, alisikia habari zake na kumwita kusini. Emin alifika Lado mwaka 1876 kama daktari mkuu wa jimbo. Gordon akaona haraka kwamba amepata zaidi ya daktari. Alimtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, kisha kwa Mukama Kabalega wa Bunyoro, na mgeni huyo mwenye lugha nyingi akapokelewa vizuri kuliko maafisa waliokuja na bunduki mbele. Mwaka 1878 akateuliwa kuwa gavana.

Jimbo lake lilianzia Lado, likashuka kusini kwa kufuata Nile hadi Ziwa Albert, na upande wa magharibi likafika Makaraka na kwa Wamangbetu. Yaani, kwa majina ya leo, lilichukua kipande cha Sudan Kusini, kipande cha Uganda na kipande cha Kongo. Arua yenyewe haikuwepo. Mji huo ulianzishwa na Waingereza mwaka 1914, na wazee wengi husimulia kwamba jina lake latokana na neno la Kilugbara la gereza, kwa kuwa hapo ndipo mahabusi walipowekwa. Mahali palipo soko leo, Emin asingepata ofisi wala bendera.

Kazi ya kuandika majina aliifanya pamoja na kazi nyingine zote. Alipima joto na mvua. Alikusanya ndege, akawachuna na kuwatuma Ulaya, kila mmoja akiwa na kikaratasi chenye tarehe na mahali alipopatikana. Mwanachuoni Hartlaub wa Bremen alimpa ndege mmoja jina la kisayansi Lanius gubernator, yaani wa gavana, kwa heshima yake. Ndege huyo bado anaitwa hivyo. Emin alikusanya pia orodha za maneno ya lugha za jimbo lake, zikachapishwa Ujerumani. Alipokuwa safarini aliandika saa ya kuondoka, mwelekeo wa njia, mito iliyovukwa, vilima vilivyoonekana kulia na kushoto, na jina la kila kijiji ambacho msafara ulilala. Daftari hizo na barua zake zilikwenda Gotha, kwenye nyumba ya Justus Perthes, wachapishaji wa jarida maarufu la jiografia, na wachora ramani wa huko wakazigeuza kuwa mistari na maandishi.

Inafaa kuifuata safari ya jina moja tu. Msafara unafika chini ya kilima. Mzee anaulizwa, anajibu kwa lugha yake. Mkalimani, ambaye mara nyingi ni mtu wa kabila jirani, analirudia kwa matamshi yake mwenyewe. Askari au karani analisikia kwa sikio la Kiarabu. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu kiasi cha kulazimika kuisogeza karatasi karibu na pua, analiandika kwa herufi za Kijerumani. Gotha wanalichonga. Kisha London wanalinakili kwenye ramani ya Kiingereza. Katika kila kituo jina linalipishwa ushuru kidogo. Wajerumani waliandika Unjoro, na kwao herufi j husomwa kama y, hivyo walikuwa sahihi. Mwingereza aliyesoma herufi hiyohiyo kama ya jambo alipotea njia bila kosa la mwenye kuandika.

Walugbara wenyewe ni mfano mzuri. Katika maandishi ya Emin na ya msafiri mwenzake Wilhelm Junker wanaitwa Lubari. Baadaye, enzi za Wabelgiji na maafisa wa Kiingereza, wakawa Lugware, kisha tahajia ikatulia kwenye Lugbara. Sauti ya gb, inayotamkwa kwa midomo na koo kwa pamoja, haina herufi yake katika Kiarabu, na ofisi za Ikwetoria ziliendeshwa kwa Kiarabu. Huenda ndipo ilipodondoka. Vivyo hivyo jina la Makaraka lilikuwa la kuitwa na wengine, kwani wenyewe walijiita Idio. Na Waazande walijulikana ramanini kwa miaka mingi kama Niam-Niam, jina walilopewa na majirani zao Wadinka, lenye kejeli ya ulaji ndani yake. Ukimwuliza jirani jina la mtu aliyegombana naye, utapata jibu, ila si jina.

Jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Katika karne hiyohiyo, wapima ardhi wa serikali ya Uingereza walikuwa wakizunguka nyanda za juu za Uskochi, wakiandika majina ya Kigaeli ya vilima na maziwa. Wengi wao hawakujua lugha hiyo. Walibeba vitabu maalumu vya majina vyenye safu ya tahajia mbalimbali, na safu nyingine ya watu waliothibitisha kila jina. Wenye mashamba makubwa, wachungaji wa makanisa na walimu walihesabiwa kuwa mashahidi bora kuliko wapangaji waliochunga kondoo juu ya vilima hivyo. Hata hivyo, angalau shahidi aliandikwa, na leo mtu anaweza kufungua kitabu na kuona nani aliulizwa. Mzee aliyempa Emin jina la kilima kwa kawaida hakuingia kwenye ramani iliyochapishwa.

Na mzee huyo alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Serikali ya Emin iliishi ngomeni. Kulikuwa na vituo kando ya mto, Rejaf, Labore, Dufile, Wadelai na vingine, kila kimoja na askari wake, wake zao, watoto na watumishi. Wote walikula nafaka iliyotozwa vijijini, na nafaka ikipungua, ng'ombe walichukuliwa. Emin alijitahidi kuwadhibiti maafisa wabaya na kupunguza biashara ya watumwa, na wengi wanakubali kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi kabla yake. Lakini kijiji kilichokuwa na jina kwenye daftari kilikuwa pia kijiji kinachojulikana njia yake. Wafanyabiashara wa mipakani wanaelewa jambo hili bila kufafanuliwa: kuna wakati mtu akikuuliza unatoka wapi, unapima kwanza amevaa sare gani.

Lipo jina moja ambalo historia yake ni wazi. Wadelai, kando ya Nile kusini mashariki mwa Arua, lilikuwa jina la mtu, chifu aliyetawala eneo hilo chini ya Kabalega wakati Romolo Gessi alipopita mwaka 1876. Maafisa wa Misri waliweka kituo kwenye kijiji chake, wakakiita kwa jina lake. Chifu alikufa, himaya ya Misri ikaanguka, jina likabaki. Ramani za wakati huo zimejaa machifu waliogeuzwa kuwa mahali.

Waswahili nao hawakukaa pembeni. Jina Uganda ni umbo la Kiswahili la Buganda, lililoletwa na misafara ya biashara iliyotoka pwani, na Unyoro ni hivyohivyo. Wazungu walikuja na majina hayo mifukoni kabla hawajafika wenyewe, wakayaandika, na moja likawa jina la nchi nzima. Kuhusu ziwa, Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani muua nzige, na Mswahili hahitaji mkalimani kuona nzige wale. Samuel Baker alilifikia mwaka 1864 akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria. Miaka ya 1970 likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likawa Ziwa Idi Amin, mtoto wa Wakakwa wa Koboko. Majina hayo mawili ya karibuni hayakudumu kwenye ramani baada ya wenyewe kuondoka madarakani.

Turudi kwa gavana. Mwaka 1881 Mahdi aliinuka Sudan, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka, Gordon akauawa. Ikwetoria ikakatika kabisa. Meli hazikuja tena, wala mshahara, wala risasi. Emin akahamisha makao yake kutoka Lado hadi Wadelai. Watu wake walilima pamba na kusuka nguo zao wenyewe, wakatengeneza sabuni na viatu. Yeye akaendelea kupima mvua na kuandika. Junker alipofanikiwa kutoka kupitia kusini mwaka 1886, Ulaya ikapata habari kwamba gavana wa mwisho wa Gordon bado yuko hai, na Henry Morton Stanley akatumwa kumwokoa. Stanley alipita mto Kongo na msitu wa Ituri, akapoteza watu wengi mno, na Aprili 1888 wakakutana kando ya Ziwa Albert. Wasimulizi wamecheka tangu hapo kwamba mwokozi alifika akiwa hoi na aliyekuja kuokolewa ndiye aliyempa nguo na chakula.

Emin hakutaka kuondoka. Askari wake wengi pia hawakutaka. Agosti 1888 baadhi yao waliasi Dufile wakamfunga pamoja na Jephson, afisa wa Stanley. Miezi mitatu baadaye majeshi ya Mahdi yakaishambulia Dufile, wakarudishwa nyuma. Aprili 1889 msafara wa Stanley ukaondoka na Emin, na tarehe 4 Desemba wakaingia Bagamoyo. Usiku huohuo, kwenye karamu ya kumpokea, Emin, ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzima, alitoka dirishani akianguka kutoka ghorofani na kuvunjika fuvu. Alipona, ila Stanley alikuwa ameshaenda zake, na urafiki wao, kama ulikuwepo, ukaishia hapo.

Askari waliobaki nyuma ndio urithi wake unaosikika zaidi sokoni. Wengine walikusanywa na Kapteni Lugard mwaka 1891 na kuingizwa katika jeshi lililoijenga Uganda ya kikoloni. Kiarabu chao cha kambini kikakua na kuwa Kinubi, lugha inayosemwa leo Arua, Koboko, Bombo na hadi Kibera jijini Nairobi. Mtu anayepunguziwa bei kwa Kinubi pale Arua anazungumza lugha iliyotoka kwenye kambi za Ikwetoria.

Emin mwenyewe aliingia katika utumishi wa Wajerumani mwaka 1890. Alipandisha bendera Tabora, akaanzisha kituo cha Bukoba, kisha akaelekea tena kaskazini magharibi pamoja na Franz Stuhlmann. Mwaka 1891 walifika chini ya Rwenzori. Stuhlmann alipanda hadi juu sana, Emin akabaki chini kwa sababu ya macho na nguvu. Ndui ikaingia kambini. Desemba mwaka huo alimwamuru Stuhlmann aondoke na wazima, akabaki na wagonjwa. Baadaye akajikokota kuelekea mto Kongo, kwenye nchi ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ambao hawakuwa wamesahau jinsi alivyowapinga wenzao. Tarehe 23 Oktoba 1892, akiwa mezani na karatasi zake na mikusanyo yake, alishikwa na kukatwa kichwa. Daftari zake zilinusurika. Stuhlmann ndiye aliyekuja kuzihariri na kuzichapisha, miaka mingi baadaye.

Nchi aliyoiandika ikagawanywa. Mwaka 1894 eneo la Lado likakodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na baada ya kifo chake likarudi kwa Waingereza mwaka 1910. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mpaka na Kongo ukafuata mgongo wa ardhi unaotenganisha maji yaendayo Nile na yale yaendayo Kongo, na mpaka na Sudan ukafuata kwa sehemu mto Kaya. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu. Hapo ndipo majina ya mito na vilima yalipoacha kuwa ya wapenda jiografia. Yaliingia kwenye maandishi ya sheria, na tangu hapo, kama kijito kilichotajwa kwenye karatasi ni hiki au ni kile cha pili, shamba la mtu linaweza kuwa Uganda au lisiwe. Salia Musala, karibu na Koboko, panapokutana nchi hizo tatu, wazee bado ndio wanaoulizwa maji ya kila kijito yanaelekea wapi na yanaitwaje.

Rhino Camp, kando ya Nile, imebaki na jina la Kiingereza lililotokana na enzi za wawindaji wa vifaru, ingawa vifaru weupe wenyewe waliisha. Wadelai bado ni Wadelai. Eti bado ni Wati kwa yule anayesoma na Eti kwa yule anayelima chini yake. Na juu ya Rwenzori, upande wa Kongo, kuna kilele cha mita 4,798 ambacho Mtawala wa Abruzzi, Mwitaliano, alipopita mwaka 1906 akigawa majina, alikiita Mlima Emin. Binti yake wa pekee aliyebaki, Ferida, aliyezaliwa na mama Mhabeshi huku Ikwetoria, alilelewa Neisse na dada yake Emin, katika mji uleule aliokuwa ametoroka akiwa bado anaitwa Schnitzer.